Vyumba vya watoto mpakani vijengwe kwa hewa, si kwa kufuli tu

Wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Mpondwe katika miaka ya Ebola wanakikumbuka vizuri kile kipimajoto kilichofanana na bastola. Mtu alisimama, kikaelekezwa kwenye paji la uso, namba ikasomwa, akapita. Juni 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa upande wa Uganda katika mlipuko ulioanzia Kivu Kaskazini alikuwa mtoto wa miaka mitano, na alitibiwa Hospitali ya Bwera. Tangu hapo hakuna anayehitaji kufundishwa, Mpondwe wala Kasindi, kwamba joto la mwili wa mtu mmoja linaweza kuwa habari ya nchi mbili.

Lakini kuna joto jingine ambalo kipimajoto cha mpakani hakikuwahi kuelekezwa kwake. Ni joto la chumba anamobaki mtoto wakati mama yake yuko sokoni.

Siku ya soko, wanawake wanaouza vitenge, samaki wa chumvi, maharage, mchele na mafuta ya mawese huwa na njia mbili tu. Ama mtoto akae naye, mgongoni au chini ya meza ya biashara, kwenye vumbi na moshi wa malori. Ama abaki kwenye chekechea au kituo cha kulelea watoto karibu na soko, kuanzia asubuhi hadi hesabu za siku zifungwe. Njia ya pili ndiyo ya busara na ndiyo inayozidi kuchaguliwa. Swali ambalo wazazi, wamiliki na halmashauri wanapaswa kuulizana ni hili: chumba hicho kimejengwa kwa ajili ya nani?

Vingi havikujengwa kwa ajili ya mtoto. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 iliiachia sekta binafsi elimu ya awali. Matokeo yake, mtu mwenye moyo wa kulea, au mwenye jicho la biashara, hupanga nyumba iliyopo na kuweka kibao mlangoni. Nyumba hiyo pengine ilijengwa iwe duka: mlango mmoja wa chuma mbele, dirisha dogo lenye nondo, ukuta wa nyuma usio na tundu hata moja, na bati juu bila dari. Duka la namna hiyo hulinda bidhaa vizuri. Gunia la mchele halitoki jasho wala halihitaji kupumua.

Kasese na Bwera ziko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kwenye bonde chini ya Milima ya Rwenzori. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi si ukuta, ni paa. Bati lisilopakwa rangi, likipigwa jua la mchana, linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Pasipo dari, bati hilo huwamwagia joto walio chini yake kama jiko lililogeuzwa kichwa chini. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia chumbani, akaangalia kipimajoto ukutani kinachosema hewa si ya moto sana, na bado kichwa kikamuuma. Kipimajoto kimepima hewa. Kichwa kimepima bati.

Ongeza watoto wenyewe. Mwili wa mtoto mdogo aliyekaa hutoa joto la takriban wati 50 hadi 60. Watoto 40 katika chumba kimoja ni sawa na kuwasha pasi mbili za umeme na kuziacha zikiwaka tangu asubuhi. Hewa isipopita, joto hilo halina pa kwenda.

Wapo watakaosema: watu wa huku wamezoea joto. Wana hoja, na hoja hiyo ina msingi katika sayansi. Kwa muda mrefu wahandisi walitumia kanuni za Mdenmaki P. O. Fanger, za mwaka 1970, zilizotokana na majaribio ya watu wazima, wengi wao wanafunzi wa vyuo, waliokaa katika vyumba maalumu vya maabara. Mwaka 1998, Richard de Dear na Gail Brager walikusanya takwimu za majengo ya kweli katika nchi mbalimbali wakaonyesha jambo ambalo mkazi yeyote wa Kasese angeweza kuwaambia: mtu anayeishi katika nyumba yenye madirisha ya kufunguliwa huridhika na joto la juu zaidi pale ambapo nje kuna joto. Mwaka 2004 chama cha wahandisi cha Marekani, ASHRAE, kiliiingiza kanuni hiyo katika kiwango chake namba 55. Kwa hesabu yake, mahali ambapo wastani wa joto la nje ni nyuzi 24, watu wengi huridhika ndani kwenye nyuzi 25 hivi, na wengi bado huvumilia hadi karibu nyuzi 28 na nusu.

Hii ni habari njema kwa ukanda huu. Maana yake ni kwamba chekechea ya Bwera haihitaji kiyoyozi, wala haihitaji kufuata namba za Ulaya. Mzazi wa Uingereza hushauriwa chumba cha mtoto mchanga kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Mwenye kuipeleka karatasi hiyo Mpondwe atawatia wazazi hofu tu, kwa kuwa joto hilo halipatikani mchana bila mashine na umeme ambao wengi hawana.

Lakini kanuni ya kuzoea joto ina sharti ambalo wanaoitaja kwa haraka hulisahau. Inamhusu mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo. Akihisi joto, hufungua dirisha. Huvua koti. Husogeza kiti kwenye kivuli. Hunywa maji. Hutoka nje. Kuzoea ni mkono unaofika kwenye komeo la dirisha, na hapo ndipo ngozi hupata nafuu.

Mtoto wa miaka miwili hana mkono huo. Hafiki dirishani. Hawezi kufungua vifungo vya sweta ya sare, na pengine ataadhibiwa akiivua. Hajui kusema "nina kiu" kwa mlezi mwenye watoto 30 wengine. Akilia, huenda akadhaniwa ana njaa au usingizi. Mtoto mchanga aliyefungwa kwenye blanketi hata kujigeuza hawezi. Kusema kwamba mtoto huyo "amezoea" ni kumhesabia uwezo ambao hajapewa.

Mwili wake nao hauko sawa na wa mkubwa. Kwa kulinganisha na uzito, ngozi yake ni kubwa zaidi, hivyo hupokea joto la nje kwa haraka. Hutoa jasho kidogo. Na maji ya mwili wake huisha upesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton waliwauliza watoto wa shule ya msingi nchini Uingereza, na matokeo waliyochapisha mwaka 2012 yalionyesha kuwa joto lililowaridhisha watoto lilikuwa chini kwa takriban nyuzi 2 kuliko lile ambalo kanuni ya watu wazima ingetabiri. Namba ya Uingereza haiwezi kuhamishiwa Kasese kama ilivyo. Mwelekeo wake, hata hivyo, unatosha kumtahadharisha mwalimu: akiona chumba "kina joto kidogo tu", watoto waliomo huenda wameshavuka mpaka wao.

Joto ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni hewa. Chumba ambacho hakitoi joto hakitoi pia pumzi iliyokwisha kutumika, na ndani ya pumzi hiyo husafiri surua, mafua, kifua kikuu na magonjwa mengine ya kifua. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo ya umma. Chumba cha duka chenye tundu upande mmoja na watoto 40 ndani hakiwezi kukaribia kiasi hicho. Uganda ilifunga shule kuanzia Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi zote duniani. Watu waliolipa gharama hiyo hawapaswi kusahau kwamba dirisha lililo wazi lilikuwa miongoni mwa kinga chache zisizouzwa dukani.

Anayebeba hasara hii anajulikana. Mtoto akirudi na homa, mama hafiki soko la siku inayofuata. Samaki hawasubiri, mteja wa Kasindi hatasubiri, na mkopo wa kikundi hausubiri. Chumba kibaya cha mtoto ni gharama ya biashara ambayo haiandikwi kwenye daftari.

Kabla ya kuwalaumu walezi, ni haki kuuliza kwa nini madirisha hufungwa. Zipo sababu nne, na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni wezi. Ya pili ni hofu kubwa kuliko ya wezi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na kulichoma moto bweni la wavulana. Hakuna mwenye haki ya kumcheka mzazi wa Bwera anayetaka nondo nene na kufuli kubwa. Lakini nondo zinaweza kuzuia mwizi bila kuzuia upepo, mradi dirisha lililo nyuma yake ni pana na linafunguka. Na Uganda imeshaona mioto ya mabweni ambamo mlango uliofungwa kwa nje uligeuka mtego. Chumba cha watoto kinahitaji milango miwili inayofunguka kuelekea nje, na mlezi ambaye ufunguo uko kwake muda wote. Usalama ni kuzuia adui asiingie. Ni pia kuwezesha mtoto atoke.

Sababu ya tatu ni mbu. Malaria iko Kasese, na mlezi anayefunga dirisha jioni anafikiri sawasawa. Jawabu lake ni wavu kwenye madirisha na matundu ya juu. Wavu hupunguza upepo, kwa hiyo dirisha lenye wavu linapaswa kuwa kubwa zaidi, si dogo zaidi.

Ya nne ni imani kwamba upepo huleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo hupenda chumba kilichosongamana na kufungwa. Mtoto mchanga asilazwe pale upepo unapompiga moja kwa moja, hilo ni sahihi. Dawa ni kuhamisha mkeka, si kuziba dirisha.

Kujenga vizuri mahali hapa hakuhitaji mtaalamu kutoka mbali, ingawa ramani ya fundi mwenye leseni ni muhimu. Kwenye Ikweta jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi karibu mstari mmoja mwaka mzima. Kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Kuta fupi, zisizo na madirisha, ndizo zikabili jua la asubuhi na la jioni. Kwa kuwa jua huinama kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, paa litoke nje ya ukuta pande zote mbili, na baraza yenye kivuli iwepo angalau upande mmoja. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Tundu la upande mmoja halitoshi: hewa huingia hatua chache na kusimama. Juu, chini ya paa, ziwekwe tofali za matundu ili hewa ya moto, ambayo hupanda, ipate njia. Dari, hata ya mikeka au mbao nyepesi, ni lazima. Bati lipakwe rangi nyeupe. Mti upandwe.

Kwa nyumba ambayo tayari ipo, mpangilio wa matumizi ya pesa kidogo uko wazi: kwanza dari, pili dirisha kwenye ukuta wa nyuma, tatu rangi ya paa. Kabla ya hayo yote, na bila senti moja, ruhusa ya kuvua sweta, maji ya kunywa kila mara, na masomo ya saa za mchana kuhamia kivulini.

Wengine wameshatangulia. Huko Gando, Burkina Faso, mbunifu Francis Kéré alijenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001 kwa matofali ya udongo yaliyotengenezwa na wanakijiji wenyewe. Aliweka dari ya matofali yenye matundu, kisha akaliinua bati juu yake, mbali, ili upepo upite katikati na kuchukua joto la bati kabla halijafika kwa watoto. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwenyewe akapata tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Bati lilikuwa lile lile linalouzwa Kasese. Lilichobadilika ni mahali lilipowekwa.

Karibu zaidi, vijijini Mtwara, Tanzania, zilijengwa nyumba 110 za majaribio zenye wavu, kuta zinazopitisha hewa na vyumba vya kulala ghorofani, na watoto wake wakafuatiliwa wakilinganishwa na wa nyumba za kawaida. Waliugua malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa mara chache zaidi. Na mjini Lima, Peru, utafiti wa mwaka 2007 ulipima wodi za hospitali na kukuta kwamba vyumba vya zamani, vyenye dari ya juu na madirisha makubwa, vikifunguliwa hubadilisha hewa kwa haraka kuliko vyumba vipya vya mashine. Umaskini wa mashine si umaskini wa hewa.

Nani afanye nini? Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya Uganda ya mwaka 2013 iliweka kamati za majengo wilayani na mijini. Kamati za Kasese na za mji wa Mpondwe-Lhubiriha hazihitaji sheria mpya ili kuuliza, kabla ya nyumba ya biashara kugeuzwa chekechea: kuna dari? Kuna madirisha pande mbili? Mlango wa pili uko wapi? Maafisa wa elimu na afya waingie saa nane mchana, si saa mbili asubuhi. Chumba cha asubuhi hudanganya.

Halmashauri zinazokusanya ushuru wa soko nazo zijue kwamba mwanamke anayelipa ushuru huo analipa akiwa na mtoto. Mpaka wa Mpondwe umepata fedha za mradi wa Benki ya Dunia wa kurahisisha biashara ya Maziwa Makuu, na kila mradi wa namna hiyo huja na ramani ya maghala, ofisi na vibanda. Chumba cha watoto chenye kivuli na hewa kiwe kwenye ramani tangu mwanzo, si kona iliyobaki nyuma ya choo. Vyama vya wafanyabiashara wanawake visisubiri kuombwa maoni. Vidai ramani vione.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sehemu yake. Kongo imekuwa mwanachama kamili tangu Julai 2022, na watoto wa Kasindi na wa Bwera hulelewa chini ya bati la aina moja. Jumuiya ina kiwango cha pamoja cha mabati, kinachoeleza unene na upakaji wa zinki ili bati lipite mpaka bila ubishi. Hilo ni jema kwa biashara. Lakini kiwango hicho hakiulizi nani atakaa chini ya bati, wala kwa saa ngapi. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inazungumzia watu kutembea kwa uhuru. Baadhi ya watu hao hubebwa mgongoni. Mawaziri wa elimu na afya wa Jumuiya wakubaliane masharti machache ya chumba cha mtoto wa ukanda huu, yaliyopimwa huku na si kunakiliwa kutoka nchi za baridi.

Wakati serikali zikijadiliana, mzazi ana nguvu aliyo nayo leo: ada. Mfanyabiashara hanunui gunia bila kulifungua. Asilipe ada ya muhula bila kuingia chumbani mchana, mlango ukiwa umefungwa, na kukaa chini, pale mtoto anapokaa. Aangalie juu kama bati linaonekana. Ahesabu madirisha, aone kama yanafunguka. Amuulize mlezi kama ana ruhusa ya kuyafungua na kuwavua watoto sweta. Aulize maji yako wapi. Asiporidhika, aseme, na wakisema wazazi kumi wa soko moja, mmiliki atasikia, kwa kuwa naye ni mfanyabiashara.

Mtu mzima akishindwa na joto la soko, huondoka kibandani akasimama chini ya mwembe. Mtoto aliyefungiwa hana mwembe wa kuukimbilia. Waliokabidhiwa ufunguo wa chumba chake, kuanzia mlezi hadi kamati ya majengo, wamekabidhiwa pia hewa anayovuta, na watadaiwa vyote viwili.